CD Mbili za Sehemu ya Pili

Baba aliniomba filamu siku ya Jumapili, tulipokuwa tumetoka misa na mimi nikiwa ninamvua viatu. Si kwamba hawezi kuvivua mwenyewe. Anaweza. Lakini tangu macho yake yafunikwe na ukungu, kwanza la kushoto na mwaka uliofuata la kulia, huwa anavirusha mbali, kisha anavitafuta kwa miguu nyumba nzima. Kwa hiyo ninavivua mimi na kuviweka chini ya kiti.

“Ile filme,” akasema. “Ya treni ya mbinguni. Ile ya pili.”

“Ile ya zamani, papa?”

“Ile. Itafute. Dimanche yenye inakuya tutaiangalia. Mi nitasikia, weye utakuwa unasema.”

Jumapili ijayo, na maneno yawe yangu. Mimi si msemaji. Ninashona viatu na mifuko kwenye soko moja la mtaa wa Kampemba, na kazi hiyo niliipenda kwa sababu mtu akikupa kiatu kilichoachama, hakuna maneno ya kuongeza. Wako wateja wanaonijua miaka minne ambao hawajasikia kitu kutoka kwangu zaidi ya “rudi saa kumi”. Na filamu ile ina saa tatu.

“Nataka tu nisikie pale muzee anarudiaka,” baba akasema. “Pale ku mulango. Pale mama yako aliachaka karai yake.”

Nilikuwa na miaka minane au tisa wakati huo. Kwenye barabara yetu kulikuwa na chumba cha matofali ya kuchoma ambacho zamani kilikuwa ghala la chumvi. Mtu alikuwa ameweka humo televisheni, jenereta na mabenchi, na mlangoni akatundika pazia zito ili mwanga usiingie. Filamu zote zilisema Kifaransa, na Kifaransa cha filamu kilitupita mbio wengi wetu, kwa hiyo mwenye chumba alikuwa na mtafsiri. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikaa kando ya televisheni na mikrofoni iliyozungushiwa utepe mweusi, na alisema kila kitu kwa Kiswahili: maneno ya wanaume, ya wanawake, ya watoto, hata mbwa akibweka yeye alitueleza mbwa anataka nini. Watu walikuja kwa ajili yake kama walivyokuja kwa ajili ya picha.

Sehemu ya kwanza tuliiona Jumapili moja, na ya pili Jumapili iliyofuata. Ilikuwa hadithi ya dunia ambayo maji yake yanakwisha. Watu wake wanaunganisha vyombo vya angani, kimoja nyuma ya kingine, karibu mia moja, na kuvipeleka kwenye sayari ya mbali sana iliyojaa barafu, ili wachote barafu na kuileta nyumbani. Chombo cha mbele kinaongozwa na mzee mwenye ndevu nyeupe, mtu wa maneno machache, ambaye nilimpenda tangu alipofungua mlango wa kwanza bila kusema kitu.

Baba naye alimpenda kwa sababu yake mwenyewe. Yeye alikuwa mfungaji wa mabehewa kwenye reli, kama babu kabla yake. Treni ilipokuwa ikipangwa, yeye ndiye aliyeingia kati ya behewa na behewa kuweka kulabu au kuitoa. Kazi hiyo ilimchukulia nusu ya kidole cha shahada, mkono wa kuume. Alipoviona vyombo vile vikigongana polepole na kushikana, alimpiga jirani yake begani. “Ona, iko treni,” akasema. “Iko treni tu.” Na mtaa mzima ukaiita treni ya mbinguni.

Mama alikuwa hapo nje. Alikaanga beignets, maandazi madogo ya kuuza, karibu na mlango, karai la mafuta juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na kelele zikizidi ndani alisogeza pazia na kuchungulia, kisha akarudi kwenye mafuta yake.

Siku ya sehemu ya pili, iliyokuja kwenye CD mbili, filamu ilianza bila jina na bila muziki. Tuliikuta treni iko tayari kwenye barafu, na watu wanapigana. Mtafsiri alinyamaza, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Halafu akasema kwenye mikrofoni: “Bamefika. Safari ilikuwa mrefu, habatuonyeshe.” Tukakubali. Vita ikaendelea, barafu ikapakiwa, na mwishoni chombo cha mbele kikanasa. Kilikuwa kinazama kwenye ufa, na kingevuta treni yote pamoja nacho. Mzee akatoka nje, akaingia kati ya chombo chake na kile cha pili, akafungua kulabu kwa mkono wake. Mkono ukasagwa. Treni ikaondoka na barafu yake, yeye akabaki. Kisha ufa ukajifunga na kila kitu kikawa cheupe.

Nilikuwa nimekaa juu ya paja la baba na nilisikia kwamba hapumui. Ile ilikuwa kazi yake, na mtu aliyeifanya ndiye alikuwa mkubwa wa wote.

Maandishi yakaanza kupanda, meupe juu ya weusi, majina na majina na majina. Mtafsiri akapunguza sauti. “Haya njo majina ya bote bale balikufa mu ile vita,” akasema. Chumba kikatulia. Mtu wa benchi la mbele akavua kofia. Baba akavua yake. Halafu watu wote wakasimama, na tukasimama hivyo mpaka jina la mwisho, kwa heshima ya watu ambao leo ninajua walikuwa mafundi wa taa, madereva, na wale wanaopika chakula cha wachezaji. Mama alikuwa ameingia. Alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye unga.

CD hiyo ikatolewa, nyingine ikawekwa. Kukawa na muziki, na jina la filamu likatokea kwa herufi kubwa. “Banatukumbusha jina,” mtafsiri akasema. Na baada ya jina tukaona mlango. Mlango wa nyumba ya kawaida, unafunguliwa kutoka nje, na anayeingia ni mzee yule yule. Viatu vina vumbi. Mke wake, ambaye tulimjua kutoka sehemu ya kwanza, anageuka, anamtazama. Anachukua beseni, anamimina maji kidogo, anapiga magoti na kuanza kumwosha miguu.

Watu walipiga miguu chini mpaka benchi letu likasogea. Mtafsiri aliwangoja. “Muzee hakufa,” akasema. “Nani alisema alikufa? Weye ulimuona maiti? Muzee iko ku nyumba.” Mtu mmoja akauliza kwa nini mama yule anamimina maji kidogo hivyo, na treni imeshaleta barafu. “Amezoea kubana,” mtafsiri akamjibu, na chumba kikacheka.

Mama hakucheka. Alisimama upande wa ndani wa pazia, mikono yote miwili mdomoni. Nje, beignets zake ziliungua karai zima. Moshi uliingia, tulikohoa, na hakuna aliyetoka. Baadaye watu walipokuja kugonga na kumwita mzee, naye akaenda, mtafsiri alisema hiyo ni safari nyingine, na tukarudi nyumbani tukijua yu hai.

Mama alitutoka miaka miwili iliyopita. Sitaandika mengi juu ya hilo. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu wakati ule baba haombi kitu. Ukimpa chakula anakula, ukimpa redio anasikiliza. Filamu hii ndiyo kitu cha kwanza alichoomba.

Karibu na mahali pangu sokoni kuna kijana anayeweka filamu na nyimbo kwenye simu na kadi za watu. Alinitafutia sehemu ya pili, akaipata ikiwa nzima, haijakatwa vipande viwili kama kwenye CD za zamani. Jumatano nikaanza kuiangalia kwenye simu, kati ya kiatu na kiatu. Nilitaka kutayarisha maneno. Nilijiambia nikiyajua mapema, Jumapili hayatanikwama.

Muziki ukaja, jina likaja, na baada ya jina ukaja mlango. Mzee akaingia na viatu vyake vya vumbi. Nikafikiri kadi imeharibika.

“Umegeuza filme,” nikamwambia yule kijana.

“Filme inageukaka? Iko chapati?”

“Imeanza na mwisho.”

“Leo umeongea, kumbe uko na sauti,” akasema. “Iangalie hata ku mwisho, kisha uniambie kama nimegeuza.”

Niliiangalia siku mbili, na viatu vya mwalimu mmoja vikakaa bila visigino. Mzee alikuwa anatoka kwenye safari ya sehemu ya kwanza. Alioshwa miguu, akakaa nyumbani muda mfupi, watu wakaja kugonga na kumwita tena, akaenda. Akafika kwenye barafu. Akafungua kulabu. Pakawa peupe. Majina yakapanda, na baada ya majina hapakuwa na kitu. Niliendelea kushika simu, nikidhani labda kuna kipande kingine. Kioo kilikuwa cheusi na ndani yake niliona pua yangu.

Kumbe hakurudi. Tuliwekewa CD ya pili mbele ya CD ya kwanza, na mtaa mzima ukaishi na mzee aliyefufuka.

Kila asubuhi nilipompa baba chai, aliniuliza: “Ile fasi ya mulango umeipata?” Nilimjibu kwamba nimeipata. Huo haukuwa uongo. Mlango ulikuwepo. Lakini nikiicheza filamu kama ilivyo, atausikia mlango mwanzoni kabisa, kisha atasikia mtu akiondoka, na mwisho atasikia mtu akifa, na hapo nitazima televisheni. Kitu kimoja alichoomba, mimi ndiye ningemnyang’anya. Na nikiigeuza kwa makusudi, nitakuwa ninamdanganya mtu asiyeona. Hilo nalo halikunikalia vizuri. Mwenye macho ukimdanganya ana nafasi ya kukukamata.

Jumamosi nikachukua baiskeli, nikaenda Annexe, pembezoni mwa mji, ambako yule mtafsiri ana shamba sasa. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anamtukana mbuzi aliyeingia kwenye matembele yake, kwa sauti ile ile ya mikrofoni.

“Mutoto wa mama beignets,” akasema aliponiona. “Umekomaa, mais mudomo ingali imefungwa.”

Nikamweleza. Ilinichukua muda, na yeye alinisaidia kwa kumalizia sentensi zangu kabla sijafika, hata zile ambazo zilikuwa zinaenda kwingine. Alipofahamu, aliegemea jembe akacheka mpaka akajifuta macho.

“CD ya pili iliingia mbele,” akasema. “Patron, mwenye chumba, alikamata tu ile ilikuwa karibu na mukono. Mi nilijua nyuma ya dakika tano.”

“Na haukusema?”

“Niseme nini, mudogo? Chumba imejaa. Jenereta inakula mafuta. Baba yako iko pale mbele na kofia yake. Niseme, ‘bantu, tuanze upya, tulikosea’? Bangenipiga na ile mabenchi.” Akang’oa jani lililotafunwa na mbuzi, akalitazama. “Nilikuwa nasema, nikifika ku mulango nitaona. Nikafika ku mulango. Nikaangalia bantu, nikaona mama yako ku pazia. Basi, nilisema ile alikuwa anataka kusikia.”

“Na majina ya wale waliokufa?”

“Majina, kweli, pale nilizidisha.”

Nikamuuliza nifanye nini kesho.

“Weka nusu ya pili mbele. Sema kama vile mi nilisema.”

“Kaka, ile ni uongo.”

“Iko traduction, kutafsiri tu,” akasema, akanifungia matembele kwenye baiskeli, akarudi kwa mbuzi wake.

Jumapili umeme ulikuwepo, na kadi ya filamu niliichomeka kwenye televisheni. Saa nane mchana baba alikuwa tayari amekaa mbele ya televisheni, amevaa kofia, mikono juu ya magoti. Nilikuwa sijaamua. Ninasema kweli, sikuamua mpaka kidole kilipokuwa juu ya rimoti, na kidole kikaenda mbele, mbele, mpaka katikati ya filamu, kikasimama pale treni ilipo kwenye barafu.

“Bamefika,” nikasema.

“Sauti,” baba akasema. “Bantu ba nyuma habasikie.”

Nyuma yetu kulikuwa na ukuta na ndoo ya maji. Nikainua sauti.

Mwanzoni nilitaja vitu tu. Barafu. Moto. Mtu anakimbia. Baba aliuliza anakimbia kwenda wapi, nikaeleza. Aliuliza amevaa nini, nikaeleza. Baada ya nusu saa niligundua kwamba haulizi tena, na mimi ninasema bila kuulizwa, ninasema hata yale ambayo wachezaji hawakuyasema, kwamba huyu anaogopa, kwamba yule anajifanya haoni. Koo liliuma kama la mtu aliyefanya kazi. Mzee alipotoka nje na kuingia kati ya vyombo viwili, baba alipeleka mwili wote mbele.

“Mukono gani?”

“Wa kuume, papa. Ameshika chuma. Chuma inakataa. Inafunguka. Mukono imebaki ndani.”

Baba alifunika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto. Alikaa hivyo mpaka muziki wa majina ulipoanza. Hapo alivua kofia mwenyewe, kabla sijasema ni majina ya nani, na mimi nikasimama, kwa sababu nilishindwa kukaa.

Kisha nikarudisha filamu mwanzo. Muziki. Jina. Bawaba za mlango zikalia, na baba akainua kidole chake kifupi ili ninyamaze asikilize. Zikaacha kulia.

“Sema,” akasema.

“Anaingia. Biatu biko na vumbi. Mama anageuka, anamuangalia.”

“Mukono yake iko namna gani?”

Nikatazama. Mzee alikuwa bado ameshika kitasa. Mkono wa kuume ulikuwa karibu kabisa, umejaa televisheni nzima, mkono mkubwa wenye vidole vitano na kucha zake zote, bila hata mkwaruzo. Ningeweza kusema lolote. Nilitafuta maneno ya mtafsiri na hayakuwepo, kwa maana yeye hakuwahi kuulizwa swali hilo.

“Iko muzima, papa. Bidole byote biko.”

“Hakuna hata kovu?”

“Hakuna.”

Baba akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani akipita kando ya treni na kukuta kila kulabu iko mahali pake.

“Siku ile niliona,” akasema. “Mi nilifunga mabehewa trente ans, miaka makumi tatu, nitakosa kuangalia mukono? Chuma ikikula mukono hairudishake. Nikajisemea, hawa bamefunga treni vibaya, ya nyuma bameweka mbele.” Akageuza uso kwangu. “Na weye vile vile umeweka ya nyuma mbele.”

“Ndiyo, papa.”

“Muzuri.”

Nilimuuliza kama alimwambia mama.

“Nilimwambia mu njia, tukiwa tunarudi. Alikuwa amebeba ile karai ya kuungua. Hakunijibu. Nikasema tena, nikamuelezea mambo ya mukono. Hakunijibu. Tukafika, akafungua mulango, akatua karai, njo akaniambia: ‘Mukono ilipona.’ Basi. Hatukuongea tena ile maneno.”

Kwenye televisheni yule mama alikuwa ameshachukua beseni. Niliona kwamba nimeacha kusema, nikarudi kazini.

“Anamimina maji. Kidogo.”

“Amezoea kubana,” baba akasema, kwa sauti ya mtafsiri kabisa, na tukacheka wote wawili. Kisha nikamweleza jinsi mama yule anavyopiga magoti, jinsi anavyovua kiatu cha kwanza, jinsi maji yanavyogeuka rangi ya udongo.

“Bale bantu ba kumuita,” baba akauliza, “habajagonga?”

“Bado. Mais bako karibu.”

“Simamisha pale.”

Nikasimamisha. Mzee alibaki na miguu ndani ya beseni, na mkewe ameshika kitambaa.

“Acha akae kidogo,” baba akasema.

Nilitoka nje kuwasha mbabula, nikachambua matembele ya Annexe, nikasonga bukari, ugali wetu. Kila nilipoingia kuchukua chumvi, au mwiko, au sahani, nilipita mbele ya televisheni. Baba alikuwa ameielekea, kofia juu ya goti.

“Angali pale?” akaniuliza nilipoingia na sufuria.

“Angali pale, papa,” nikasema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma wangeisikia.